Tarantula mwenye spidi hakamatwi: jinsi ya kumhamisha boksi bila mtu kuumwa

Ukimwambia mtu unataka kumtoa tarantula mkali, yule buibui mkubwa mwenye manyoya ambaye watu wanamfuga, kwenye boksi dogo umpeleke kwenye kubwa, kitu cha kwanza atakachokuuliza ni utamkamataje. Hilo swali lenyewe ndo lina kasoro. Tarantula mwenye spidi hakamatwi, na ukilazimisha kumkamata ama utaumwa wewe, ama utamuumiza yeye, ama atachomoka na muanze kutafutana nyuma ya kabati. Kazi hii ikifanywa vizuri ni ya kupanga mazingira mpaka sehemu pekee anayotamani kuingia iwe ni ile unayotaka aingie, alafu unamuacha aingie mwenyewe. Ndo maana ukimwangalia mtu anayeijua kazi utaona inaboa kabisa, kakaa chini, kashika brashi, anangoja.

Kwanza tuone yeye anaielewaje hiyo siku. Tarantula ana macho manane yaliyobanana kwenye kinundu kidogo juu ya kichwa, lakini yanamsaidia kujua mwanga na giza na kivuli kinachopita, zaidi ya hapo sio sana. Dunia yake anaipata kwa miguu. Miguuni kuna vinyweleo vyembamba mno vinavyohisi hewa ikisogea, na kuna vihisio vingine vya kusoma mtetemo wa chini, kwa hiyo ukigonga meza kashajua, ukichomoa kifuniko ghafla kashajua, na ukimhemea tu kwa karibu bila kukusudia ushamwambia kuna mnyama mkubwa mwenye joto yuko juu ya kichwa chake. Sisi tunasema huyu mkali, huyu ana hasira, lakini ni kiumbe anayeogopa kuliwa na hana njia nyingi za kujitetea. Anazo kama tatu hivi. Anakimbia, na akikosa pa kukimbilia anatisha, yaani ananyanyua miguu ya mbele na kuonyesha meno, na wengine wanapiga chini kwa miguu au wanatoa mlio kama wa kukwaruza, na ikishindikana anauma. Hiyo njia ya kwanza, ya kukimbia, ndo tutakayoitumia, sababu anapokimbia hakimbii hovyo, anatafuta giza na anatafuta sehemu finyu. Tarantula wa miti anapenda pia kupanda juu. Ukishajua hivyo unaweza kubashiri atakwenda wapi kabla hajaenda.

Alafu kuna kitu kinachotuliza sana roho ukikijua, spidi yake haidumu. Mwili wake haujaumbwa kwa mbio ndefu, hewa anayopata haitoshi kuendesha misuli kwa muda, kwa hiyo anatoa mbio kali za sekunde chache kisha anasimama ghafla kabisa, mara nyingi kwenye kona. Watu wengi wanaharibu hapo hapo. Yeye kasimama, wao ndo wanaanza kumkimbiza, kwa hiyo anatoa mbio nyingine. Ukikaa kimya akasimama, umepata nafasi ya kuweka kopo juu yake kwa utulivu.

Mambo ya presha nayo uyajue. Tarantula ana misuli ya kukunja miguu, lakini kwenye viungo viwili vikubwa hana misuli ya kunyoosha, anainyoosha kwa kusukuma majimaji ya mwili kwa presha. Mwili mzima ni mfumo wa presha, na tumbo ndo sehemu laini kuliko zote, ngozi nyembamba tu. Akianguka toka juu likapasuka presha inakwisha, na mara nyingi ndo mwisho wake. Kwa tarantula mzito wa ardhini, kuanguka kutoka kimo cha meza tu kunatosha kumuua. Kwa hiyo tunapoongelea usalama hapa tunaongelea wa pande mbili, na ukweli ni kwamba kwenye hizi kazi anayekufa ni buibui, sio mtu.

Sasa sio wote wanafanana, na unapaswa kujua wako ni yupi kabla ya kugusa kifuniko. Wa mabara ya Amerika wengi wana nywele za kuwasha tumboni, wanazisugua kwa miguu ya nyuma zinaruka hewani, na ukizipata kwenye ngozi ni kama umepita kwenye upupu. Kwa kuwa wana hiyo silaha, wengi hawana haraka ya kuuma na sumu yao sio kali sana. Wa Afrika na Asia hawana hizo nywele kabisa, kwa hiyo wamebaki na mbio na meno, na sumu yao kwa wastani ina nguvu zaidi. Humo ndo kuna majina yanayotisha wafugaji, Pterinochilus murinus wa Afrika Mashariki na kusini mwa Afrika, yule wa rangi ya chungwa, kuna Stromatopelma calceatum na Heteroscodra maculata wa Afrika Magharibi, kuna Poecilotheria wa India na Sri Lanka, na Cyriopagopus lividus wa bluu anayetoka Myanmar na Thailand, ambaye anakaa shimoni na akitolewa shimoni anakuwa hana utani. Ila mpaka huo wa mabara usiushike kama sheria ya kanisa. Psalmopoeus na Tapinauchenius wanatoka Amerika lakini hawana nywele za kuwasha, na wana spidi ambayo ukiangalia pembeni sekunde moja ukirudi hayupo. Wa jamii ya Avicularia nao wana kamchezo kao, wanakurushia kinyesi, tena kwa shabaha nzuri, na wanaweza kuruka.

Kuhusu sumu, tuseme ukweli bila kutishana. Hakuna kifo cha binadamu kilichothibitishwa kusababishwa na sumu ya tarantula. Lakini hiyo sentensi watu wanaitumia vibaya, wanasema basi si kitu. Kuumwa na Poecilotheria mtu anaweza kupata maumivu makali, uvimbe, jasho, kisha baada ya saa kadhaa, akidhani yamekwisha, anaanza kukazwa na misuli, na mikazo hiyo inaweza kurudi rudi kwa siku na hata wiki. Hakuna dawa maalum ya kuua sumu yake, hospitali wanatibu dalili tu. Na kama una mbwa ndani ya nyumba hili lisome mara mbili, mwaka 2003 watafiti wa Australia walichapisha matukio ya kuumwa na tarantula wa huko, watu walioumwa hawakupata madhara makubwa, lakini mbwa saba walioumwa walikufa wote, mmoja ndani ya saa mbili hivi. Kwa hiyo mbwa, paka, mtoto, wote watoke kwenye hicho chumba kabla hujaanza. Sio wakae kona, watoke.

Nywele nazo usizidharau. Mwaka 2009 huko Leeds, Uingereza, mwanaume wa miaka 29 alikwenda hospitali jicho limekuwa jekundu, linatoa machozi, haliwezi kuvumilia mwanga, na dawa za kawaida za macho hazikusaidia. Madaktari walipoangalia kwa darubini yenye ukuzaji mkubwa wakakuta vinyweleo vyembamba vimechoma kwenye kioo cha jicho, vidogo kiasi kwamba hata vibano vyao havikuweza kuvitoa. Ndo akakumbuka, wiki tatu nyuma alikuwa anasafisha tenki la tarantula wake wa Chile, amekazana na doa moja kwenye kioo, akahisi kitu kinasogea, akageuza uso, akapigwa na wingu la nywele. Na huyo wa Chile ndo yule anayesifiwa kila mahali kuwa mpole, anafaa kwa anayeanza. Kwa hiyo kwa wa Amerika vaa miwani ya kujikinga, barakoa, mikono mirefu na glavu nyembamba. Kwa wa Afrika na Asia mi naona glavu nene za kazi zinaleta matatizo kuliko faida, mkono unakuwa mzito, hujui umegusa nini na nguvu gani umetumia, na zinakupa ujasiri ambao hukupaswa kuwa nao. Ulinzi wako hapo ni umbali, brashi ndefu na kibano kirefu cha sentimita 25 au 30, mkono wako usifike kabisa eneo lake.

Lini umhamishe? Sio kila akikua kidogo. Kila kuhama ni stresi kwake na riski kwako, kwa hiyo watu wenye tarantula wakali wanaruka hatua, wanamtoa kwenye kikopo cha utotoni wanamweka kwenye boksi la kati, kisha akikaribia utu uzima anaenda kwenye boksi la maisha. Kipimo cha kawaida ni boksi lenye upana wa kama mara tatu ya urefu wa miguu yake akiwa amejinyoosha, na kwa wa ardhini nafasi kutoka udongo hadi kifuniko isizidi mara moja na nusu ya huo urefu, ili akipanda akaanguka asipasuke. Wa miti yeye anataka kimo. Wa shimo anataka udongo mwingi, boksi lijae zaidi ya nusu.

Ambacho hufanyi kabisa ni kumhamisha akiwa anakaribia kujivua ngozi au ametoka kujivua. Akigoma kula, tumbo limevimba linang'aa, rangi imefifia, au amejifungia shimoni kwa utando, mwache. Akishajivua mwili wake ni laini kila mahali, meno yanakuwa meupe kisha mekundu kisha meusi, na mpaka yawe meusi ni wiki moja mpaka mbili, kwa mkubwa inaweza kuzidi. Subiri. Hakuna boksi la haraka kiasi hicho, labda kama la zamani limeota ukungu au limepasuka.

Kazi kubwa inafanyika kabla hujafungua chochote, na hapa naomba usiruke. Nyumba mpya iwe tayari mia kwa mia, udongo umeshindiliwa, maji yapo, gome la mti limewekwa, na kuna sehemu ya giza ya kujificha ambayo inaonekana, yaani kwa wa shimo unamchimbia kabisa mwanzo wa shimo chini ya gome kwa kidole au kijiti. Watu wanaona hii ni urembo. Wakati ndo nusu ya mbinu yenyewe, sababu tarantula anayeingia boksi lisilo na maficho atazunguka kuta zote kwa spidi akitafuta upenyo, na upenyo uliopo ni ule ulioshikilia wewe kifuniko. Akikuta shimo jeusi linamsubiri anaingia, kazi imeisha.

Chumba kiwe kitupu kadiri unavyoweza. Wengi wanatumia bafu kwa sababu hakuna makabati, ila ziba tundu la maji kwanza, na taulo liwekwe chini ya mlango. Zima feni na kiyoyozi. Taa iwe ya kawaida, uone vizuri, usimmulike tochi usoni. Kaa chini sakafuni, usifanye mezani, na maboksi yote mawili yawe ndani ya beseni kubwa la plastiki lenye kuta ndefu laini. Beseni ni uzio wa pili, halimzuii kabisa, hasa wa miti anapanda plastiki kama sakafu, lakini linakupa sekunde mbili tatu na hizo ndo unazozihitaji. Weka karibu makopo mawili ya plastiki yanayoonyesha ndani, yenye mdomo mpana kuliko miguu yake, kadi ngumu za kutelezesha chini ya kopo, brashi laini ya rangi yenye mpini mrefu, kibano. Kwa nini makopo mawili? Sababu moja litakuwa kwenye mkono usiofaa. Ukiweza kuwa na mtu wa pili awepo, kazi yake ni kushika kifuniko na kukaa kimya, na kama ni mtu wa kupiga kelele akae sebuleni.

Halafu kabla ya kufungua, mtafute kwa macho. Huu ndo mstari ambao ningeuandika kwa herufi kubwa. Kama hujui yuko wapi, hufungui. Wengi wanaochomokewa walifungua wakidhani yuko shimoni kumbe kajibandika chini ya kifuniko, au kajenga utando ulioungana na kifuniko, kwa hiyo walipokinyanyua walimnyanyua na yeye, akawa nje tayari kabla hawajaanza. Fanya mchana, wengi wao ni wa usiku na mchana wanakuwa wametulia kwenye maficho. Zungusha boksi taratibu, angalia kila upande, angalia kifuniko kwa chini. Kama kajibandika hapo, gusa kifuniko kwa juu polepole mpaka ashuke, au ahirisha. Kuahirisha ni mbinu nzuri tu, tena haina gharama.

Njia yenyewe inategemea anaishije. Kwa mtoto au wa kati aliyeko kwenye kikopo, njia bora kuliko zote ni ya uvivu. Unachukua kikopo chake chote, unakilaza ndani ya boksi jipya, unafungua kifuniko kwa kibano mkono ukiwa juu au umepita kwenye mwanya mdogo, unatoa mkono, unafunga boksi kubwa. Basi. Atatoka akitaka, usiku huu au kesho kutwa, na siku ukimkuta amehamia kwenye gome unatoa kikopo kitupu kwa kibano, baada ya kuhakikisha yeye yuko wapi. Sioni sababu ya mtu kumchokonoa tarantula mwenye spidi kama njia hii inawezekana, na mara nyingi inawezekana, shida ni kwamba boksi jipya watu wananunua dogo kikopo hakiingii.

Kwa wa miti kama Poecilotheria, ambaye mchana anakuwa amejificha ndani au nyuma ya gome, unahamisha gome zima na yeye ndani. Kama gome limejiviringa, ziba mdomo wa juu kwanza, kwa kopo au hata kitambaa kilichokunjwa, kisha wa chini, alafu unalinyanyua polepole na kulilaza kwenye nyumba mpya, na mwisho unatoa kizuizi upande unaoelekea ndani. Kama gome ni bapa na yeye yuko nyuma yake, usijaribu, hilo halina mlango wa kuziba, bora umfunike kwa kopo pale pale kwenye gome.

Wa shimo ndo mtihani. Cyriopagopus anaweza kuwa amechimba mpaka chini kabisa ya boksi na anajua ramani kuliko wewe. Hapa kuna mbinu ya chupa, unakata kitako cha chupa ya plastiki safi, ile sehemu ya shingo unaielekeza kwenye mdomo wa shimo na kuishindilia udongo pembeni isiwe na upenyo, na kule ulikokata unafunga kwa kitambaa au kopo. Sasa njia pekee ya kutoka shimoni ni kupitia shingo ya chupa, hakikisha tu shingo ni pana kumzidi. Kisha unachimba polepole kutoka upande wa pili kwa kijiko chenye mpini mrefu, bila haraka, udongo kidogo kidogo, mpaka anaona bora aondoke. Akishaingia kwenye chupa unaziba shingo, na chupa yote inaingia kwenye boksi jipya. Kuna wanaomwaga maji shimoni ili atoke. Mi siipendi, anatoka kweli lakini anatoka akiwa amechanganyikiwa, na wewe unataka kiumbe anayehama, sio anayekimbia mafuriko.

Pterinochilus yeye anajenga utando kila mahali, vichochoro juu ya vichochoro. Uzuri ni kwamba akishtuka anakimbilia ndani ya utando wake. Kwa hiyo unakata kingo za utando kwa mkasi mrefu, taratibu, na kama ameingia kwenye mfuko wa utando unaweza kuunyanyua wote na yeye ndani kwa kopo kubwa. Usimvue utando wote kwanza ndo uanze kumtafuta, hapo utakuwa umemnyima maficho na umebaki wewe kama kitu pekee cha kupanda.

Kama lazima utumie kopo na brashi, basi twende pole pole. Laza kopo udongoni mbele yake, mdomo umwelekee, nyuma ya kopo funika na kitambaa cheusi ili aone giza mle. Brashi inakuja kutoka nyuma, chini, inagusa miguu ya mwisho kwa ncha. Anavuta mguu mmoja. Unangoja. Unagusa tena, anapiga hatua mbili, anasimama, miguu ya mbele inapapasa ukingo wa kopo, inapapasa tena. Hapo ndo mikono ya watu inawasha, wanataka kumsukuma. Usisukume, ukisukuma atageuka. Mwache apapase mpaka ajue hapo pana giza na hapana kitu kibaya, mguso mmoja mwepesi na anaingia mwenyewe, kisha kopo linasimamishwa na kadi inapita chini yake. Akigeuka na kunyanyua miguu ya mbele, brashi toa, mikono toa, kaa dakika kadhaa. Tarantula aliyesimama hivyo haelekezeki, kila ukimgusa anakula brashi, na wengine wanapanda mpini wa brashi kwa spidi ya ajabu kuelekea kwenye vidole. Ndo maana mpini mrefu. Na kibano ni cha kushikia vitu, sio buibui, ukimbana mguu anaweza kuuacha mkononi mwako na kukimbia na saba, utaota tena akijivua lakini hakukuwa na haja.

Kuna pia njia ya mfuko, kwa wale wa spidi ya kupindukia. Unachukua mfuko mkubwa wa plastiki unaoonyesha ndani, maboksi yote mawili na vifaa vinaingia humo, wewe unaingiza mikono na mtu wa pili anabana mdomo wa mfuko kwenye mikono yako kwa raba au tepu. Akichomoka amechomokea mfukoni. Haina raha, plastiki inapata mvuke, unaona kwa shida, na mikono yako imo humo humo na yeye, kwa hiyo mi ningeitumia kwa wa mbio zaidi kuliko kwa wa kuuma.

Kuhusu friji. Utasikia ushauri wa kumweka kwenye friji dakika kadhaa ili apoe. Ni kweli akiwa na baridi anakuwa mzito, na ni kweli chumba chenye joto kali kinamfanya awe umeme, kwa hiyo kufanya kazi saa za ubaridi ni akili nzuri. Lakini friji hujui ni dakika ngapi zinamtosha na ngapi zinamdhuru, na akishatoka anapata joto upya wakati wewe bado umejiaminisha kuwa amelala. Achana nayo.

Sasa imetokea, ametoka. Kitu cha kwanza usifanye chochote. Usirushe mkono, usisimame, usipige kelele, mwangalie tu amekwenda wapi, kwa sababu kumpoteza kwa macho ndo tatizo halisi. Atasimama, tulishaongea hilo. Akiwa ukutani au sakafuni, kopo linakuja taratibu juu yake moja kwa moja bila kuburuza ukingo kwenye miguu, kisha kadi. Akiwa juu ukutani weka kitu laini chini, mto au taulo, kabla hujafanya lolote. Akipanda mkononi mwako, najua kusema ni rahisi, lakini ganda. Akiwa anakimbia juu yako hana mpango wa kuuma, anatafuta pa kwenda, anayeumwa ni yule anayempiga kofi au kutikisa mkono. Shusha mkono karibu kabisa na sakafu ya beseni, subiri ashuke au afunikwe kopo na mwenzako. Akipotea kabisa chumbani, mlango ubaki umefungwa na taulo chini, tafuta kuanzia sehemu za giza na finyu, nyuma ya vitu, chini ya vitu, na uvae viatu.

Akikuuma, kwanza mfunike au mfungie, usikimbilie bomba ukaacha boksi wazi. Kisha osha kwa sabuni na maji, vua pete kabla uvimbe haujaja, weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, meza paracetamol. Usikate wala usinyonye. Ukisikia kifua kinabana, pumzi inasumbua, au misuli inaanza kukaza, hospitali, na uende na jina la kisayansi la buibui, ndo maana boksi liwe na lebo, sababu daktari ukimwambia tu buibui mkubwa hujamsaidia. Kama ni nywele kwenye ngozi, bandika selotepu na uivute mara kadhaa, kisha maji mengi, usijikune. Kama ni jicho, maji mengi, usilisugue hata kidogo, na uende kwa daktari wa macho siku hiyo hiyo.

Akishaingia nyumba mpya, mfungie na umwache. Usimpe chakula siku hiyo, wiki moja hivi ni sawa, kwa wa shimo hata zaidi, maji yawepo tu. Siku za mwanzo anaweza kukaa kona ya juu au kutembea tembea kwenye kuta usiku, ni kawaida, anapima eneo. Ukiona ameanza kuweka utando au kuchimba, ametulia, mpe mdudu mdogo kuliko kawaida uone. Boksi la zamani usilisafishe siku hiyo hiyo ukiwa umechoka, hasa la wale wa Amerika, utando wa zamani na ngozi alizovua zimejaa nywele za kuwasha na hazihitaji buibui awepo ili zikuingie machoni. Lowesha kwanza kwa maji, vaa barakoa na miwani ile ile, udongo wote kwenye mfuko uliofungwa, kisha ndo usugue.